Uzi maalumu: Glukosi ya kopo ni nini hasa, inafanya nini mwilini, na lini umpe mtu

KauntaYaDawa

Habari za jioni wanajukwaa.

Natoa dawa kwenye duka la dawa muhimu, na kuna kitu kimoja hakikai rafuni: unga wa glukosi. Mama ana mtoto anaharisha, anataka glukosi. Kijana wa bodaboda mwili umechoka, glukosi. Mjamzito ana kichefuchefu, glukosi. Aliyetoka kuugua malaria, anayejiandaa na funga, timu ya mtaa inayocheza ndondo Jumapili, wote kopo lile lile. Sina ugomvi na biashara hiyo, naifanya mwenyewe. Kinachoniuma ni mzazi anayeondoka na glukosi akiamini amebeba dawa ya kuharisha, wakati pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na glukosi wa kumrudishia maji anayeharisha, iko pale pale pembeni. Naomba tulichambue hili kopo, na mwenye swali aulize.

Tuanze na kilichomo. Glukosi ni sukari. Ni sukari sahili, yaani ndogo kiasi kwamba mwili hauna haja ya kuimeng'enya, inapita ilivyo kwenda kwenye damu. Kwenye lebo wengi huiandika dekstrosi, ni kitu hicho hicho. Utamu wake haufikii wa sukari ya mezani, ni kama robo tatu yake. Ukiiweka ulimini unasikia ubaridi, na wateja wengi huniambia huo ndio uthibitisho kwamba "inapoza mwili". Ubaridi ule unatokana na chembe za unga kuyeyuka: zinapoyeyuka zinavuta joto kutoka kwenye ulimi. Basi. Homa haishuki kwa glukosi.

Inatengenezwa kwa wanga, sana sana wa mahindi, na kwingine wa mihogo au ngano. Wanga ni shanga za glukosi zilizotungwa kwenye uzi mrefu. Kiwandani wanauchanganya na maji, wanaupasha moto, wanaweka kimeng'enya cha kukata uzi vipande vipande, kisha kingine cha kuchambua shanga mojamoja. Wanachuja, wanakausha, unapata unga mweupe wa daraja la chakula. Kabla ya vimeng'enya walitumia tindikali: mwaka 1811 mkemia Kirchhoff, huko St. Petersburg, alichemsha wanga na tindikali ya salfa akapata sukari. Glukosi yenyewe ilikuwa imeshatolewa kwenye zabibu kavu na Mjerumani Marggraf mwaka 1747, na jina hili tunalotumia lilitolewa mwaka 1838. Wakisimamisha uvunjaji wa wanga katikati wanapata sharubati nzito ya glukosi, ambayo umeshaila mara nyingi kwenye pipi, biskuti na aiskrimu, maana inazuia sukari isigande kuwa chenga na inatunza unyevu.

Sasa angalia jambo ambalo watu hawaliambiwi. Kazi ile ya kiwandani tumbo lako linaifanya bure. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha taratibu bila kumeza, baada ya muda kidogo utaanza kusikia utamu. Ni mate yanakata wanga. Utumbo mdogo unamalizia, na ugali, wali, viazi, ndizi, chapati, vyote vinaishia kuwa glukosi kwenye damu. Sukari ya mezani nayo ni glukosi moja iliyoshikana na fruktosi moja, ambayo ni sukari nyingine sahili. Kwa hiyo unaponunua kopo hununui kitu ambacho mlo wako umekikosa. Unanunua haraka. Swali la uzi huu ni nani ana sababu ya kuwa na haraka hiyo.

Upande wa mwili ni hivi. Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, inabeba glukosi gramu nne au tano tu kwa wakati mmoja. Ni kijiko cha chai. Ubongo peke yake unatumia kama gramu 120 kwa siku, na chembe nyekundu za damu haziwezi kutumia kitu kingine chochote. Kijiko hicho kinajazwa na kutumika mchana na usiku bila wewe kujua. Ukila, sukari ikipanda, kongosho linatoa insulini, misuli na mafuta vinaivuta ndani, ini linahifadhi nyingine kama glikojeni. Ukilala, kongosho linatoa homoni nyingine, glukagoni, na ini linarudisha akiba. Ini lina akiba ya gramu 100 hivi, misuli kama 400 ingawa ya misuli haitoki humo kwenda kwingine. Akiba ya ini ikipungua, ini linaanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na mabaki ya mafuta. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya anafunga kutwa nzima na sukari yake inabaki kwenye mstari, kati ya milimoli 3.9 na 5.5 kwa lita hivi.

Hapa ndipo ninapoachana na tangazo la kopo. Mtu mwenye afya aliyekula mchana akisikia uchovu jioni, uchovu huo si wa kukosa glukosi. Inaweza kuwa usingizi, upungufu wa damu, maji, msongo, ugonjwa. Na uchovu unaoendana na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda unaweza kuwa kisukari chenyewe, yaani glukosi imejaa kwenye damu na haiingii kwenye seli. Huyo ukimkorogea vijiko viwili vya chakula unamwongezea gramu 25 au 30 juu ya mzigo uliokwisha kumzidi. Anayekuja kaunta na dalili hizo simuuzii, namwelekeza akapime. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0, na kipimo kikirudiwa kikatoa hivyo hivyo, hicho ni kisukari.

Karibuni.

Mama Pacha

Ahsante kwa uzi kaka. Mimi naomba unisaidie moja. Wanangu wakiharisha nawakorogea glukosi kwenye maji ya uvuguvugu, na siku zote nimejua ORS ni glukosi hiyo hiyo imewekwa kwenye pakiti. Sasa tofauti iko wapi?

KauntaYaDawa

Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, niruhusu nilijibu kwa urefu.

Tofauti ni chumvi, na vipimo. Utumbo una protini zinazovusha glukosi kwenda kwenye damu, na protini hizo hazivushi glukosi peke yake: kila glukosi moja inavuka pamoja na sodiamu mbili, ile sodiamu ya kwenye chumvi. Vikivuka, maji yanafuata. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza jambo hili mwaka 1960 kwenye mkutano huko Prague. Uzuri wake ni kwamba hata kipindupindu, ambacho kinafanya utumbo umwage maji kama bomba, hakiharibu njia hii. Njia inabaki wazi. Kinachotakiwa ni kuleta glukosi na chumvi kwa pamoja na kwa kiasi kinacholingana.

Ukileta glukosi tupu, na hasa ukiikoroga nzito iwe tamu, inayobaki utumboni inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta tumboni. Mtoto anaharisha zaidi. Soda na juisi za paketi zina tatizo hilo hilo. Yaani mzazi anampa mtoto kwa upendo kitu kinachomkausha.

Mwaka 1968 huko Dhaka madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba watu wazima wenye kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa mchanganyiko huo, na mahitaji ya dripu yakapungua sana. Wengi hawakuamini. Kisha ikaja vita ya Bangladesh mwaka 1971. Mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia India, na kwenye kambi ya Bangaon kipindupindu kikalipuka. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, mwenyeji wa Bengal, akaamua kuchanganya glukosi, chumvi ya mezani na sodiamu baikaboneti kwenye mapipa, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe wawanyweshe wao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vinafika karibu asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Mama na dada za wagonjwa, wasio na mafunzo yoyote ya uuguzi, ndio waliofanya kazi hiyo. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa namna glukosi na sodiamu vinavyovuka pamoja huenda ndio maendeleo makubwa kuliko yote ya tiba katika karne hiyo. Mimi naamini hawakukosea.

Pakiti tunayouza leo ni ya vipimo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002. Kwa lita moja ya maji: glukosi gramu 13.5, chumvi 2.6, potasiamu kloridi 1.5, na sitreti 2.9. Angalia glukosi ilivyo ndogo. Haikuwekwa kwa ajili ya nguvu, imewekwa ivushe chumvi na maji. Vipimo vya zamani vilikuwa na gramu 20 za glukosi, wakapunguza baada ya kuona mchanganyiko mwepesi unawapunguzia watoto kuharisha na kutapika.

Kwa mtoto chini ya miaka miwili, mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Kuanzia miaka miwili, mpe 100 hadi 200. Kwa kijiko au kikombe, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee polepole zaidi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ongeza zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Zinki inafupisha kuharisha na inapunguza uwezekano wa kurudia miezi inayofuata.

Ukiona damu kwenye choo, macho yamedumbukia, mtoto analegea, hawezi kunywa au anatapika kila anachopewa, usisubiri, nenda kituo cha afya huku unamnywesha njiani.

Mama Pacha

Na usiku kama sina pakiti?

KauntaYaDawa

Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari ya kawaida, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha kwa kisu, visiwe vya mlima. Sukari ya mezani inafaa kwa sababu utumbo unaikata na kutoa glukosi. Usikisie chumvi kwa vidole, ikizidi ni hatari kwa mtoto. Hii haina potasiamu, kwa hiyo asubuhi tafuta pakiti.

Mzee wa Mkonge

Wanangu, nawasoma. Kwetu mtoto akizaliwa na maziwa ya mama hayajatoka, bibi alikuwa anamkorogea maji ya glukosi kidogo kwa kijiko asikae na njaa. Wajukuu zangu wote wamepewa na wako hai. Mnasemaje?

KauntaYaDawa

Shikamoo mzee. Nashukuru umeliweka wazi, maana wateja wangu wengi wa glukosi ni bibi na mashangazi wanaotoka wodi ya wazazi, na nia yao ni njema kabisa.

Siku za mwanzo mama anatoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Ni machache kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo mno, na ndiyo yanayombebea kinga. Mtoto aliyeshibishwa maji ya glukosi hanyonyi kwa nguvu, na titi lisiponyonywa halipati habari ya kuongeza maziwa. Kwa hiyo kijiko kilichotolewa kwa sababu maziwa hayajatoka ndicho kinachoyachelewesha. Juu ya hapo maji na kijiko vinaweza kumletea mtoto mchanga maradhi ya tumbo. Maelekezo ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala glukosi.

Wapo vichanga ambao sukari yao inashuka kweli: waliozaliwa njiti, wenye uzito mdogo, au ambao mama zao wana kisukari. Hao hospitali inawapima na kuwapa glukosi kwa kipimo chao, huku wananyonya. Nyumbani huwezi kujua, na kukisia hapo hakufai.

Mzee wa Mkonge

Marahaba. Nimekuelewa. Nina mkwe anajifungua mwezi ujao, nitawasomea hii nyumbani.

Dereva wa Masafa

Mkuu, mimi kisukari ninacho, nachoma insulini. Daktari kanisisitiza glukosi isikose kwenye gari. Nyumbani mke wangu akiiona anagomba, anasema najiua. Naomba uandike hapa nimwonyeshe.

KauntaYaDawa

Mkuu, mwonyeshe hii. Wewe ni miongoni mwa wachache ambao kopo lile linawafaa kwelikweli.

Insulini uliyochoma haijui kama umekula au foleni imekuchelewesha mizani. Inaendelea kushusha. Sukari ikipita chini ya 3.9 unaanza kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Ikishuka zaidi unapoteza fahamu, na wewe uko kwenye usukani wa lori. Hapo ile haraka ya glukosi ndiyo dawa. Egesha gari kwanza. Kula au kunywa gramu 15, kama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa tumboni, mkate au ndizi, usiondoke mara moja. Chokoleti usiitegemee, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia.

Jambo la kumwambia mama na utingo wako: ukikutwa hujitambui usinyweshwe kitu, utapaliwa. Ulazwe ubavu na ukimbizwe hospitali.

Na mwenye kisukari anayemeza akaboza azingatie hili: dawa hiyo inazuia sukari ya mezani isikatwe haraka utumboni, kwa hiyo sukari ikishuka soda na chai ya sukari havitamwokoa kwa wakati. Huyo lazima awe na glukosi yenyewe.

Mbio Ndefu

Salamu kutoka Iten. Mimi nakimbia, si wa kulipwa lakini nakimbia sana. Jumapili ni kilomita 30 na zaidi. Wenzangu wengine hutia glukosi kwenye chupa, wengine husema chai ya maziwa yenye sukari na ugali wa jioni vinatosha. Nani ako sawa?

KauntaYaDawa

Karibu sana ndugu. Wote wana haki, ila kwa saa tofauti.

Ugali wa jioni na chai ndivyo vinavyojaza ile akiba ya misuli. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wanariadha Wakalenjin waliokuwa kambini: zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, ugali ukiongoza, na sukari ya kwenye chai ilikuwa na sehemu kubwa pia. Hawakuhitaji kopo. Kwa mbio za chini ya saa moja akiba hiyo inatosha, maji yanatosha.

Ukipita saa moja na nusu kwa mwendo mkali akiba inakaribia kwisha, miguu inakuwa mizito ghafla. Hapo kuongeza gramu 30 hadi 60 za sukari kwa saa kunasaidia kweli. Ila glukosi peke yake ina kikomo: zile protini za kuivusha zinajaa ikifika kama gramu 60 kwa saa, inayozidi inabaki tumboni na kukuvuruga. Fruktosi ina njia yake nyingine, ndiyo maana vinywaji vya wakimbiaji wakubwa huchanganya zote mbili na wanafika gramu 90. Sukari ya kawaida tayari ni mchanganyiko huo, ukitia na chumvi kidogo umepata kinywaji cha maana kwa bei ya dukani. Jaribu kwenye mazoezi kwanza, kamwe usijaribu siku ya mashindano.

Tabibu wa Zamu

Naomba niongezee la dripu, maana kila wiki zahanati anakuja mtu anaomba "dripu ya nguvu". Dripu ya glukosi ya asilimia 5, lita nzima, ina gramu 50 za sukari. Ni kilokalori 200 hivi, sawa na unga wa sembe kama gramu 55. Umechomwa sindano, umelala saa kadhaa, umehatarisha mshipa kupata maambukizi, kwa chakula kisichofika hata sahani ndogo. Nafuu mtu anayoisikia mara nyingi ni maji na mapumziko.

Malaria kali ni habari nyingine. Pale sukari inashuka kweli, hasa kwa watoto na wajawazito, na kwinini ilikuwa inaishusha zaidi kwa sababu inalisukuma kongosho litoe insulini. Mtoto mwenye malaria anayelegea au kudegedega tunampima sukari papo hapo, na ikiwa chini tunampa glukosi kwenye mshipa. Huo ni uamuzi wa kipimo.

KauntaYaDawa

Nashukuru sana tabibu, hilo wengi walikuwa hawajawahi kufanyiwa hesabu yake.

Binti Tanga

Mimi nina ujauzito wa miezi sita. Kliniki wameniambia nikapime kwa kunyweshwa glukosi. Baada ya kusoma uzi huu nimeogopa.

KauntaYaDawa

Usiogope mdogo wangu, nenda. Hicho ni kipimo cha kisukari cha mimba. Unakwenda hujala, wanachukua damu, unakunywa gramu 75 zilizoyeyushwa kwenye maji, kisha wanapima tena baada ya saa moja na saa mbili kuona mwili wako unaishushaje. Mipaka ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, na 8.5 baada ya saa mbili. Ikifika au kupita mmojawapo wanaanza kukuangalia kwa karibu. Ni mara moja, chini ya uangalizi, na inakulinda wewe na mtoto. Nisichokushauri ni kunywa glukosi kila asubuhi kwa kuwa una mimba. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo ni gramu 25 hivi kwa siku nzima. Glasi moja nzito ya kopo imeshazimaliza.

Mama Pacha

Kaka, la mwisho. ORS nikishakoroga lita nzima na mtoto amekunywa nusu, nahifadhi mpaka lini?

KauntaYaDawa

Saa 24, kwenye chombo safi chenye kifuniko. Ikipita hapo mwaga, fungua pakiti nyingine. Na usikoroge nusu pakiti kwa nusu lita kwa kukadiria, unga haugawanyiki sawa ndani ya pakiti. Usiongeze sukari ili apende. Akikataa ladha, mpe kidogo kidogo kwa kijiko kila dakika moja au mbili.